Enka inayoachia: mkanda wa kubana damu, chuma, ubao wa mizani au kifaa cha kuishika?

Mchezaji akija kwangu na enka mbovu, yaani kifundo cha mguu, simuulizi kwanza aliumia lini. Namwambia avue viatu, asimame kwa mguu mmoja na kufumba macho, nami nasogea karibu nimdake. Mguu mzima hutikisika kidogo tu, vidole vikishikashika sakafu. Mguu mbovu hucheza kama meza ya mama ntilie iliyotegeshwa kwenye kokoto, na kabla sijahesabu hadi kumi mguu wa pili umeshagusa chini. Ndipo anaanza kusimulia. Aliteguka mwaka juzi kwenye ndondo, akawekewa barafu, akakandwa na mzee mmoja wa mtaani, wiki mbili baadaye akarudi uwanjani. Tangu hapo enka inaachia. Inaachia akigeuka na mpira, inaachia akishuka daladala. Kuna mmoja ilimwachia kwenye ngazi za msikiti.

Miaka ya karibuni hadithi hiyo imeota mkia. Akimaliza kusimulia anatoa simu, ananionyesha video ya mchezaji wa Marekani aliyefungwa pajani mkanda mpana kama ule wa kupimia presha, ananyanyua visigino juu chini huku uso umemkunjamana. "Dokta, na mimi nifungwe hiki?" Mimi si dokta, ni fizio, mtu wa tiba ya mazoezi, lakini ugomvi huo nilishauacha.

Jibu langu fupi huwa: pengine hapana, au siyo kwa sasa. Refu ndilo hili.

Kwanza tujue enka yenyewe

Kuteguka mara moja siyo kulegea. Mwaka 2013 jopo la kimataifa la watafiti wa kifundo lilitoa vigezo: iwe imepita angalau miezi 12 tangu kuteguka kwa kwanza kulikokuja na uvimbe na maumivu, na tangu hapo kiungo kiwe kinaachia, kinateguka tena, au mwenyewe hakiamini. Kuna na dodoso la maswali 9 lenye alama 30. Ukipata 24 au chini, enka yako inahesabiwa kuwa imelegea. Kwa hiyo wewe uliyeteguka wiki iliyopita, haya hayakuhusu bado. Wewe tuliza uvimbe, anza kutembea mapema kadiri maumivu yanavyokuruhusu, na usiruke hatua.

Upande wa nje wa kifundo una ligamenti tatu, nyuzi ngumu zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Ya mbele ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo hukatika kwanza mguu ukijikunja kwa ndani. Zamani watu waliiona kama kamba tu: ikikatika, kiungo kinalegea, basi. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza, Michael Freeman, na wenzake wakaja na wazo jingine. Walisema ligamenti ikichanika huchanika pamoja na neva zake, zile zinazoupa ubongo habari za mkao wa kiungo. Mguu unakanyaga jiwe, habari inachelewa, na misuli ya ubavu wa nje wa kigimbi, ambayo kazi yake ni kuurudisha mguu usijikunje, inaamka wakati mambo yameshaharibika.

Kwa hiyo enka iliyolegea ina matatizo yaliyorundikana: misuli imepungua nguvu (ya kigimbi, na mara nyingi hata ya nyonga), hisia ya mkao imefifia, na mara nyingi kifundo hakikunjiki vizuri kwenda mbele. Unapochagua tiba, swali la kuuliza ni inaziba tundu lipi kati ya hayo, maana hakuna hata moja inayoziba yote.

Mkanda unafanya nini hasa

Ule mkanda wa kwenye video ni uvumbuzi wa Mjapani, Yoshiaki Sato. Mwaka 1966, akiwa kijana, alipiga magoti muda mrefu kwenye ibada ya Kibuddha hadi vigimbi vikafa ganzi na kujaa, akahisi kama mtu aliyetoka kunyanyua chuma. Akaanza kujijaribia mikanda mwilini mwake. Mwaka 1973 aliumia kifundo na goti akiteleza kwenye theluji, akautumia mkanda huohuo kujitibu mguu usidhoofu. Mbinu yake akaiita KAATSU. Kwa maneno mengine, huu mkanda ulianza kuzoea miguu iliyoumia kabla haujawa wa kupigia picha jimu.

Kanuni yake ni rahisi. Mkanda unabanwa juu ya paja kwa kiasi cha kuzuia damu isirudi moyoni kwa urahisi, ilhali ateri bado inapitisha damu iliyopungua kuingia mguuni. Unafanya zoezi jepesi. Uchafu wa kazi ya msuli unarundikana, oksijeni inapungua, na msuli unalazimika kuita zile nyuzi kubwa ambazo kwa kawaida huamka ukibeba mzigo mzito tu. Mwili unadanganywa kwamba kazi ilikuwa nzito.

Dozi inayotumika zaidi ni mzigo wa asilimia 20 hadi 40 ya ule uwezao kuunyanyua mara moja tu, marudio 30, kisha 15, 15 na 15, ukipumzika sekunde 30 au zaidi kidogo kati yake. Jumla marudio 75. Kwenye karatasi ni mchezo wa watoto. Kwenye seti ya tatu nimeona mabeki wa kati wakimtaja Mungu.

Presha ya mkanda haipigwi kwa kukisia. Mtaalamu anatafuta mapigo nyuma ya kifundo, upande wa ndani, kwa kifaa kidogo cha kusikilizia, ndugu wa kile wakunga wanachosikilizia moyo wa mtoto tumboni. Unasikia fyo, fyo, fyo. Anajaza upepo taratibu hadi sauti inakatika. Hiyo ndiyo presha inayofunga mshipa kabisa; wewe utafanyia zoezi kwenye asilimia 40 hadi 80 yake. Inatofautiana kati ya mtu na mtu, kati ya paja nene na jembamba, na kati ya mkanda mpana na mwembamba: mpana huhitaji presha ndogo. Ndiyo maana namba aliyotumia rafiki yako haikusaidii kitu.

Mkanda na chuma

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, kwa sababu vyote viwili vinashindania tundu lilelile, nguvu.

Chukua mchezaji anayeweza kunyanyua kilo 60 mara moja kwenye zoezi la visigino akiwa ameketi. Kwa chuma cha kawaida, ili msuli ukue vizuri, tungemfanyisha kwa kilo 42 na kuendelea, yaani asilimia 70 kwenda juu. Kwa mkanda tungempa kati ya kilo 12 na 24. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba unene wa msuli hukaribiana sana kwa njia zote mbili. Kwenye nguvu, chuma kizito bado kinaongoza. Mkanda nao unaushinda mzigo mwepesi usio na mkanda. Mpangilio ni huo, na haujabadilika kiasi cha kunifanya nibadili mawazo.

Basi mkanda una faida pale tu ambapo huwezi kubeba kizito. Mfano unaofahamika ni Alex Smith, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Washington. Alivunjika mguu Novemba 2018, jeraha likaingia vijidudu, akapasuliwa mara 17. Sehemu ya kujengwa upya alifanyiwa kwenye kituo cha jeshi huko San Antonio, Texas, ambako wataalamu walishazoea kutumia mkanda kwa askari walioumia miguu. Mguu kama ule hauubebeshi kilo 42. Mkanda pale ulikuwa na haki yake.

Enka yako ni tofauti, na hili naomba lieleweke vizuri. Kigimbi hakihitaji mashine ili kipate mzigo mzito. Kinao tayari, ni mwili wako. Simama kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, shusha kisigino chini ya usawa wa ngazi, panda, hesabu. Mchezaji wa kilo 68 anayefanya hivyo anakibebesha kigimbi kimoja kilo 68. Akizoea, avae begi mgongoni na kopo la mchanga ndani. Misuli ya ubavu wa nje ni midogo, na mpira wa tyubu ya baiskeli uliokunjwa mara mbili unatosha kuichosha hadi itetemeke. Goti lililotoka kupasuliwa linaweza kukosa njia ya kupata mzigo kwa wiki nyingi. Enka iliyolegea lakini inayotembea, inakimbia na kucheza, hiyo njia inayo, tena bure.

Tyubu hiyohiyo ndiyo iliyonitisha msimu uliopita. Nilimkuta kijana pembeni mwa uwanja wa mchanga amejifunga nayo pajani, fundo mbili, anaruka kamba. Mguu ulishaanza kuwa na rangi ya zambarau. Nilimbinya ukucha wa kidole gumba, ukawa mweupe, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, weupe bado haujaondoka. "Mdogo wangu, fungua." Akasema ameona kwenye simu, yeye anataka kuwahi mechi ya Jumamosi. Tulipoifungua ilikuwa imeacha mfereji kwenye nyama. Tyubu ni nyembamba, haina kipimo, na kadiri msuli unavyojaa ndivyo inavyozidi kukata. Tena kuruka kamba siyo zoezi la mkanda hata kidogo.

Kwa upande wa ushahidi wa enka yenyewe, haupo mwingi, lakini upo. Mwaka 2022 watafiti wa Thailand walichukua wanamichezo 16 wa vyuo wenye enka zilizolegea. Wote walifanyishwa mazoezi ya kawaida kwa wiki 4, na nusu yao wakaongezewa mkanda. Waliofungwa walipata nguvu na unene wa msuli kuliko wenzao. Ni habari njema. Ila ni watu 16, ni mwezi mmoja, na hakuna aliyewafuata msimu mzima kuona nani aliteguka tena. Mimi ninayelipwa na mchezaji ili asiteguke tena, hiyo ndiyo namba ninayoitaka.

Mkanda na ubao wa mizani

Kuna watu wanavipambanisha hivi viwili, naona wanakosea. Mkanda hauifundishi enka iko wapi. Mazoezi ya mizani ndiyo hufanya hivyo, na hapa ushahidi ni mnene.

Uholanzi, utafiti uliochapishwa 2009 uliwachukua wanamichezo 522 waliotoka kuteguka. Nusu walipewa programu ya kufanyia nyumbani bila msimamizi: wiki 8, mara tatu kwa wiki, isiyozidi nusu saa kila mara, kusimama na kujisawazisha kwa ugumu unaopanda. Ndani ya mwaka mmoja, kwenye kundi la mazoezi waliteguka tena asilimia 22. Kwenye kundi jingine, asilimia 33. Sijaona mkanda wowote ukileta tofauti ya namna hiyo, tena hapa gharama ni ubao uliochongwa na fundi wa mtaani ukawekewa nusu mpira wa mti chini yake. Huna fundi? Kunja godoro la sponji.

Naanza na sakafu, macho wazi. Halafu macho yamefumbwa. Halafu sponji. Halafu namrushia mpira akiwa juu ya sponji, kwanza kifuani, baadaye pembeni, baadaye simwambii utakwenda wapi. Mwisho ni kuruka na kutua kwa mguu mmoja na kubaki hapohapo kama umegandishwa. Wachezaji wa netiboli wanaipenda hii ya mwisho, kwa sababu kanuni za mchezo wao zimeshawafundisha kutua na kusimama. Wa mpira wa miguu huwa wananuna.

Je, unaweza kuvaa mkanda huku ukifanya mizani? Imeshajaribiwa. Misuli inafanya kazi zaidi, lakini na mtu mwenyewe anajihisi kuyumba zaidi. Kwa mchezaji aliyekwisha kuimarika, pengine ni changamoto nzuri. Kwa yule anayeanguka kabla ya kumi, kumfunga paja ni kumwongezea sababu ya kuanguka.

Kifaa cha kushika enka

Hiki wengi wanakidharau, wanasema kinaifanya enka kuwa mvivu. Waholanzi mwaka 2014 waliwalinganisha waliotoka kuteguka kwa makundi matatu: waliofanya mazoezi ya mizani kwa wiki 8, waliovaa kifaa kila wanapocheza kwa mwaka mzima, na waliofanya vyote viwili kwa wiki 8. Ndani ya mwaka huo waliteguka tena asilimia 27 kwenye kundi la mazoezi, 15 kwenye kundi la kifaa, na 19 kwenye kundi la vyote.

Nilipoisoma mara ya kwanza iliniuma, mimi mtu wa mazoezi. Lakini nilibadilika. Sasa mtu wa enka iliyoachia mara tatu kwenye msimu simruhusu kuingia uwanja wa mashimo bila kifaa, na mazoezi tunafanya pembeni. Angalia tu kwamba nazungumzia kifaa chenye kamba za kufunga au mbavu ngumu pembeni. Soksi ya kuvuta inayouzwa kwenye maduka ya viatu inatia joto na kumpa mtu moyo. Kuzuia enka isijikunje, haizuii. Plasta ya michezo ni nzuri ikifungwa na mkono unaojua, ila inalegea mtu akitoka jasho na lazima uinunue tena kila mechi.

Nani asiguse mkanda

Japani waliwahi kukusanya taarifa za watu 12,642 waliotumia KAATSU. Madoa ya damu chini ya ngozi yalitokea kwa asilimia 13.1, ganzi kwa asilimia 1.3 hivi, damu kuganda kwenye vena kwa asilimia 0.055. Kwa mtu mzima wa afya, mikononi mwa mtaalamu, hatari ni ndogo.

Lakini huku kwetu kuna jambo ambalo video za jimu hazilitaji: selimundu. Mwenye ugonjwa huo asifungwe mkanda, maana kunyima damu oksijeni ndiyo kazi ya mkanda, na ndiyo chembe zake zinaposhika umbo la mundu. Hata aliyebeba kinasaba kimoja, ambaye mara nyingi hajijui kwa sababu haumwi, simfungi bila daktari wake kuafiki. Naulizia familia: kuna mtoto nyumbani aliyekuwa analazwa kwa maumivu ya mifupa? Kuna aliyepimwa? Wengine wa kuachwa ni waliowahi kugandiwa damu mguuni au kwenye mapafu, wenye presha ya kupanda isiyodhibitiwa, wajawazito, na wenye kisukari kilichokwisha kugusa mishipa. Na mkojo ukigeuka rangi ya kola baada ya zoezi, hospitali siku hiyohiyo: huo ni msuli unaovunjika.

Kwa hiyo, wewe uchukue kipi

Jipime kwanza kwa chaki. Chora mstari sakafuni, simama kwa mguu mmoja nyuma yake, nyoosha ule mwingine mbele uguse mbali uwezavyo bila kuanguka, weka alama. Badilisha mguu. Wachezaji wa kikapu wa shule za Marekani waliofuatiliwa msimu mzima, wenye tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya kulia na kushoto waliumia mara 2.5 zaidi ya wenzao. Halafu hesabu unanyanyua kisigino mara ngapi kwa kila mguu kabla hujachoka.

Ukiwa umeachwa mbali kwenye chaki lakini visigino vinakaribiana, tatizo lako ni mizani. Weka fedha yako mfukoni, tafuta sponji, jipe wiki 8. Ukiwa umeachwa kwenye visigino, ni ngazi, begi na tyubu (mguuni, siyo pajani), siku moja ndiyo, moja hapana, na mizani vilevile. Ukiwa katikati ya ligi na huwezi kukaa nje, kifaa ndicho cha kununua kwanza. Kama una fedha ya kitu kimoja tu, nunua hicho, mazoezi hayauzwi.

Mkanda nauchukulia kama msaidizi wa msimu. Nautumia kwa anayepata maumivu kila nikiongeza mzigo, kwa aliyetoka kwenye hogo (plasta ngumu ya kufungia mguu uliovunjika) na kigimbi kimebaki kama mche, na mara mojamoja kwa mchezaji aliyebanwa na ratiba ambaye sitaki miguu yake iamke imekaza siku ya mechi. Wiki nne hadi sita, mara mbili au tatu kwa wiki, halafu namrudisha kwenye chuma. Baadhi ya mashine zinazojipimia presha zenyewe ni ghali sana, kwa hiyo hizo zipo zaidi kwa timu tajiri. Mkanda wa upepo wa mkono na kifaa cha kusikilizia mapigo vinatosha, mradi anayevishika amefundishwa.

Upasuaji nautaja kwa kifupi kwa sababu wachache wanauhitaji: waliofanya mazoezi kwa miezi kadhaa kwa uaminifu na enka bado inaachia. Unaofanywa zaidi unatokana na kazi ya Lennart Broström wa Sweden, mwaka uleule wa 1966 wa magoti ya Sato, wa kuzishona ligamenti za mwenyewe palepale zilipo, ukaboreshwa na Gould mwaka 1980. Na hapo, cha ajabu, ndipo mkanda unapata nafasi yake nzuri kuliko zote kwenye habari nzima ya enka: zile wiki ambazo mguu hauruhusiwi kukanyaga na kigimbi kinayeyuka kila siku. Ila hizo pia ndizo wiki ambazo damu hupenda kuganda, kwa hiyo anayesema tuanze lini ni daktari aliyekupasua, na mimi huwa nasubiri karatasi yake.